Baga ya mbaazi, Chake Chake: shajara ya jikoni

Mwishoni mwa masika

Kaka ana kibanda cha chipsi na mishkaki hapa Chake Chake, na kila nyama inavyopanda bei ndivyo baga zake za kima zinavyozidi kukonda. Wateja wameanza kumtania kwamba anauza mkate wenye harufu ya ng'ombe. Sasa anataka baga isiyo na nyama kabisa, ambayo mwanafunzi wa skuli ataimudu, na jiko la kuitafuta nimekabidhiwa mimi. Masharti yake: ishikane kwenye mkate mpaka kipande cha mwisho, niitengeneze asubuhi yeye aikaange usiku, na kila kilichomo kiwe kinapatikana sokoni au shambani.

Sharti hilo la mwisho limefuta nusu ya mapishi niliyoyasoma. Ya Marekani huanza na unga wa protini ya njegere, halafu methiliselulosi. Huo ni unga mweupe unaotokana na nyuzinyuzi za mimea, na tabia yake inakwenda kinyume na kila ninachokijua jikoni: ukipata moto huganda, ukipoa hulegea. Ndio unaozishika baga za kampuni ya Beyond Meat zisisambaratike kikaangoni. Wenzao wa Impossible Foods, ambao baga yao ilianza kuuzwa mwaka 2016, wameongeza na protini iliyobeba hemu, kile kitu kinachoipa damu wekundu. Asili yake ni mizizi ya msoya, lakini wao huizalisha kwa hamira iliyopandikizwa jeni ya msoya. Nilimwonesha kaka picha ya baga hiyo imekatwa, katikati nyekundu.

"Hiyo hapana," akasema. "Mtu akiona damu kwenye baga yangu atanirudishia, ataniambia sijaivisha."

Basi tumekubaliana mapema kwamba hatuigi nyama. Uamuzi huo umenipunguzia kazi nyingi mno.

Mbaazi za kuchemsha

Nimeanza na mbaazi kwa sababu zipo karibu mwaka mzima, zikiwekwa pakavu hazina haraka ya kuharibika, na kila mtu hapa amekua akizila za nazi kwa mkate asubuhi. Mbaazi kavu zina takriban gramu 21 za protini katika kila gramu 100, na kilo moja ikishachemshwa huwa kilo mbili na zaidi, maana imekunywa maji. Kwa hesabu ya biashara hapo ndipo penye faida, na kwa hesabu ya baga hapo ndipo penye balaa.

Nimezichemsha mpaka zikaiva, nikaziponda, nikatia vitunguu, thomu, bizari nyembamba na unga wa ngano wa kushikia. Juu zikafanya ganda zuri la kahawia, ndani uji. Kaka kaibana kidogo tu na mkate, ikatokea upande wa pili. Nilipoongeza unga ilishika, lakini ikawa chapati yenye ladha ya mbaazi.

Kilichosaidia ni kuzikausha. Zikitoka jikoni nazichuja, nazimwaga kwenye ungo karibu na dirisha la upande wa upepo, na zikishapoa nazipitisha kwenye kikaango kikavu mpaka ngozi zianze kujikunja. Mkononi zinakuwa kama zimepanguswa, lakini ukizibonyeza zinapondeka. Maji yaliyotoka hapo ni maji ambayo hayatageuka uji baadaye. Hata hivyo tatizo lenyewe bado lipo: baga inakatika vipande mara tu ikigeuzwa.

Fenesi

Pemba huwezi kuanza mradi wa chakula bila mtu kukuletea fenesi. Jirani kasikia habari, kaja na bichi moja kubwa begani mwa mwanawe, kwa hoja kwamba nchi za nje wanalifanya nyama. Ni kweli, na ukilichemsha utaona kwa nini, maana linachambuka nyuzi ndefu kabisa, mtu asiyejua atadhani ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa kutwa. Nimepaka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla ya kulikata, la sivyo utomvu ungeniganda mpaka Ijumaa.

Lakini protini yake ni kidogo sana mbele ya mbaazi, na linashika maji kama sponji. Halikubali umbo. Nimelitia ukwaju, pilipili na tui zito, tukalila na wali. Limetoka kwenye mradi likaingia kwenye chakula cha mchana, na sina malalamiko.

Umeme umekatika

Tangu alfajiri. Blenda imelala, nimetoa kinu.

Nitakuwa natwanga hata umeme ukiwepo. Blenda inasaga kila punje sawasawa mpaka inakuwa rojo, na rojo likikaangwa linakuwa laini kila mahali. Kinuni mchi unaipata punje hii, unaikosa ile, unabaki na unga, chenga na nusu punje vyote pamoja. Ukitafuna, meno yanapata kazi. Ndicho kilichokuwa kinakosekana, wala si ladha ya nyama.

Juni, kwa jirani anayekaanga bajia

Jioni nimekaa naye tangu anatoa kunde kwenye maji mpaka karai la mwisho. Nimekula bajia za kunde maisha yangu yote sijawahi kujiuliza kwa nini hazivunjiki. Hana yai mle, wala unga wa ngano, wala chochote cha kushikia. Analoweka kunde usiku kucha, asubuhi anazisugua kwa viganja ndani ya beseni, maganda yanaachia na kuelea, anayamwaga na maji, anatia mengine, anasugua tena. Mwisho punje zimebaki nyeupe na jicho jeusi limekwenda na ganda. Anasaga zikiwa mbichi, na maji kidogo sana. Thomu, pilipili, kitunguu, chumvi. Halafu anapiga ule mchanganyiko kwa mkono, kwa nguvu, kwa muda ambao mimi ningekuwa nimeshachoka, mpaka rangi inapauka na ukiudondosha kidogo kwenye kikombe cha maji unaelea.

"Bi mkubwa, kinachoshika hapa ni nini?"

"Kunde zenyewe, mwanangu. Ukizichemsha utakuwa ushaziua."

Kazisema habari zote kwa maneno hayo. Wanga wa punje ukipata maji na moto huvimba na kunata, na protini nazo huganda kama ute wa yai. Hilo hutokea vizuri mara moja tu. Mbaazi zangu zilikuwa zimeshamaliza nguvu ya kunata ndani ya sufuria ya kuchemshia, ndiyo maana zilipofika kikaangoni hazikuwa na cha kutoa. Kunde mbichi zinakwenda kwenye moto na nguvu yao yote.

Basi kwa nini nisitumie mbichi tupu? Nimejaribu. Inakuwa bajia bapa, nzuri, lakini kavu na nyepesi, na mtu akiila na mkate anatafuta maji. Mbaazi zilizochemshwa ndizo zenye uzito na unyevu. Kwa hiyo ni mchanganyiko: sehemu mbili za mbaazi zilizochemshwa na kukaushwa, zikatwangwa, kwa sehemu moja ya kunde mbichi zilizosagwa. Baga ya kwanza ya aina hii niliigeuza kwa mwiko ikageuka nzima. Niliigeuza tena bila sababu yoyote.

Tahadhari kwa atakayefuata njia hii: kunde au choroko mbichi za kuloweka ni sawa, mradi ziive mpaka ndani. Maharage mekundu msithubutu kuyasaga mabichi. Yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha, na huondoka kwa kuchemka khasa, maji yakitokota kwa dakika zisizopungua kumi. Moto mdogo hauiondoi.

Kipupwe, habari ya mafuta

Baga ya nyama huwa na mafuta kama sehemu moja kwa tano, na ndiyo yanayoifanya iwe na maji mdomoni. Yangu inashika sasa, lakini ni kavu. Mapishi ya nje yanasema utie mafuta ya nazi yaliyoganda, vipande vidogo, ili viyeyukie kikaangoni na kuacha vitundu vyenye unyevu.

Aliyeandika hivyo anakaa penye baridi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, na hapa kwetu sehemu kubwa ya mwaka chupa haijui kuganda ni nini. Bahati upepo wa kusi umeingia. Alfajiri nimeikuta chupa ya dirishani imefanya weupe chini, juu bado maji, na saa tatu ilikuwa imeshayeyuka yote. Nikayamwaga kwenye sinia, nikaweka friza, yakawa bamba jembamba gumu, nikalikatakata kwa kisu na kuchanganya mwisho kabisa kwa uma, kwa sababu joto la kiganja tu linatosha kuyayeyusha. Baga hizo zilipokaangwa papo hapo zilikuwa tamu kuliko zote mpaka siku hiyo.

Ila masharti ya kaka yako palepale. Kukaanga kitu chenye kunde mbichi kunataka muda, na kibandani watu wamesimama wanasubiri. Nimeona bora niziivishe asubuhi kwa mvuke, usiku yeye apake rangi tu kwenye chuma. Ndani ya mvuke kunde zikaganda vizuri sana, baga ikawa imara ya kutupa na kudaka. Na mafuta yote yakashuka kwenye maji ya chini. Nimekaa naangalia sufuria yenye duara za mafuta yanayoelea, mafuta ya nazi yenyewe si ya bei rahisi.

Nazi

Mama alikuwa anakuna nazi ya mchuzi, mimi nalalamika juu ya mafuta. Kaniangalia, kaendelea kukuna.

Nazi mbichi iliyokomaa, nyama yake, ni mafuta kwa kadiri ya theluthi. Mafuta hayo yamefungwa ndani ya chembe zake. Ndiyo sababu tukitaka tui lazima tukune, tutie maji na kukamua kwa nguvu, hayatoki yenyewe. Basi nimechukua nazi iliyokunwa kwa mbuzi, haijakamuliwa, nikaitia badala ya yale mabamba ya friza. Kwenye mvuke imebaki mahali pake. Kwenye chuma cha moto zile nyuzi za juu zinakaangika na kunukia, za ndani zinatoa unyevu ukitafuna. Haihitaji friza, wala kipupwe.

Machicha pia nimeyajaribu, kwa tamaa ya kutotupa kitu. Yanaongeza nyuzi lakini yanakwaruza koo. Yamekwenda kwa kuku.

Kuhusu ladha ya nazi, ambayo kaka aliihofia kwamba itafanana na mchuzi: ipo, kwa mbali, na Pemba sijakutana na mtu wa kuikataa.

Mwani kutoka Micheweni

Shangazi analima mwani. Kilimo hiki kibiashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na siku hizi sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka huku kwetu Pemba. Wengi wa wakulima ni wanawake. Unaanikwa, unauzwa kwa kilo, unapakiwa kwenda nje, huko wanatoa karajinani, ile gundi inayotiwa kwenye maziwa ya kopo, dawa za meno, soseji, na baga za mimea vilevile. Nikaona ni aibu kuzungumzia gundi ya kushikia baga wakati shangazi ana magunia yake ukumbini.

"Shikamoo shangazi. Nataka mwani kidogo wa kupikia."

"Marahaba, mwanangu. Miaka yote nauza mwani kwa Wazungu, leo damu yangu mwenyewe ananijia nimuuzie wa kula?" Hakuniuzia, alinipa mfuko mzima.

Ni mwani wa aina ya spinosum. Aina ya pili, cottonii, ndiyo yenye bei na ndiyo inayotoa gundi ngumu, lakini maji yakipata joto inakufa, na wakulima wengi wameiacha. Spinosum gundi yake ni laini, inayovutika. Nimeuosha mpaka chumvi na mchanga vikaisha, nikauloweka usiku, nikauchemsha kwa maji kidogo, nikauchuja. Ulipopoa umekuwa ute mzito unaotikisika.

Kama gundi ya kikaangoni haufai kitu, maana unafanya kinyume cha methiliselulosi: kwenye moto unayeyuka, kwenye baridi unaganda. Baga yenye mwani tupu bila kunde mbichi ilikuwa nzuri sana mezani, na ilipogusa chuma ikalala. Lakini pamoja na kunde umeonesha faida ambayo sikuitazamia. Baga iliyofungwa kwenye karatasi na kupelekwa nyumbani, ikaliwa imepoa, kwa kawaida huwa imeshaanza kumomonyoka. Yenye vijiko viwili vya mwani ilipopoa ilikaza tena. Wateja wa kaka nusu yao wanachukua kwenda nazo. Mwani umebaki.

Viungo

Hapa sikukawia. Vitunguu maji vikaangwe polepole mpaka viwe kahawia khasa, si rangi ya dhahabu. Thomu ichomwe na ganda lake. Tungule zipikwe mpaka maji yote yakauke na zianze kushika chini ya sufuria, kwa sababu hapo ndipo zinapotoa ule utamu mzito ambao watu wanauita ladha ya nyama. Ukwaju kidogo. Bizari nyembamba ikaangwe kavu na kutwangwa siku hiyohiyo, pilipili manga, kotmiri.

Karafuu nimeijaribu kwa heshima ya kisiwa. Punje moja iliyotwangwa ndani ya kilo nzima ilitosha kufunika kila kitu. Sitii tena.

Usiku wa kwanza kibandani

Hakuna aliyeambiwa chochote zaidi ya "baga ya mbaazi". Vijana wa bodaboda ndio walioanza, kwa sababu ya bei. Mmoja alikula akimtazama mwenzake, akaagiza ya pili kabla hajamaliza ya kwanza. Mwalimu mmoja wa skuli ya jirani alisema chumvi imepungua, na alisema kweli. Mzee mmoja aliifungua mkate, akaikagua chini na juu, akauliza kama kuna nyama imefichwa, akaambiwa hakuna, akala bila kusema neno. Watoto walitaka tomato sosi zaidi, lakini hao wangeitaka hata juu ya uji.

Tabu ilikuwa kwa kaka mwenyewe. Amezoea kubinya baga za kima kwa mwiko ili zichome haraka. Hizi ukizibinya unatoa unyevu tulioupigania tangu Juni. Isitoshe zilitoka kwenye kasha la barafu zimefanya jasho, akaziweka hivyohivyo, zikabaki rangi ya kijivu muda mrefu. Baga yenye maji juu haiwezi kupita joto la maji yanayochemka mpaka maji hayo yaishe, na ule wekundu wa kukaangika unataka nyuzi kama 140. Sasa anazipangusa kwa kitambaa safi, anazipaka mafuta yeye, si chuma, anaziacha bila kuzigusa mpaka ukingo uonekane mkavu, kisha anageuza mara moja tu.

Jambo jingine alilolifurahia sana: hazisinyai. Ya kima lazima uikate kubwa kuliko mkate kwa sababu itanywea. Hii unaikata saizi ya mkate na inabaki saizi ya mkate.

Ilipofika

Kwa baga kumi za gramu 110 hivi: mbaazi zilizochemshwa na kukaushwa gramu 500, kunde mbichi zilizolowekwa na kutolewa maganda gramu 250, nazi iliyokunwa gramu 150, vitunguu vilivyokaangwa gramu 100, rojo la tungule vijiko viwili vya chakula, unga wa muhogo vijiko vitatu, ute wa mwani vijiko viwili, chumvi vijiko viwili vya chai baada ya maoni ya mwalimu, na viungo vingine kwa mkono wa mpishi. Unga wa muhogo usizidi hapo, ukizidi baga inavutika kama mpira. Natwanga mbaazi, nasaga kunde peke yake na kuzipiga kwa mkono kama nilivyooneshwa, nachanganya, naacha kwenye friji saa moja ili unga unywe maji.

Nakata kwa kifuniko cha kopo la maziwa, unene wa sentimita moja na nusu. Kila moja inakaa juu ya kipande cha jani la mgomba kilichobabuliwa motoni na kupakwa mafuta. Mvuke dakika 20. Zikipoa nazipanga na majani yake, zinaingia friji, jioni zinapelekwa kibandani ndani ya kasha lenye barafu. Mbaazi zilizopikwa hazikai nje kwenye joto letu, zinachacha upesi, na harufu yake huwezi kuificha kwa thomu.

Mkate bado hatujaupata. Wa baga unaouzwa dukani ni mtamu mno na unalowa kwa tungule. Boflo lililokatwa kati na kuchomwa upande wa ndani limefanya kazi vizuri zaidi, ila umbo lake ni refu na baga ni duara. Nimemwambia kaka nitazikata ndefu, yeye anasema baga ndefu si baga. Tunabishana.

Kunde zimeanza kuadimika sokoni. Wiki ijayo najaribu choroko mahali pake, zile zilizokwisha kukobolewa, kwa sababu maganda ya choroko hayaachii kwa urahisi na jirani wa bajia amekataa kunisaidia kuyasugua.